Barua ya Kufuli

Mara ya nne simu ilipomkatalia, Mayige alifuta vidole kwenye suruali na kumtazama wakili kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Vidole hivyo vilikuwa vimekomaa kwa grisi ya miaka kumi na minane, na kila alipogusa herufi moja, ya jirani ilikuja nayo.

"Taratibu tu, Mzee Mayige," Elina alisema. "Hatukimbizwi."

Alikuwa wakili wa shirika moja la msaada wa kisheria la Mwanza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyefika Bariadi asubuhi hiyo kwa basi la kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kochi lililotandikwa vitambaa vya kufuma, kompyuta ndogo ikiwa mapajani. Wilhelmina, mke wa Mayige, alisimama nyuma ya mumewe akichungulia kioo cha simu juu ya bega lake. Na kwenye mkeka, mgongo ukiwa ukutani, alikaa Milembe, dada yake Mayige, nywele zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuota tangu aliponyolewa kwenye msiba. Hakuwa amesema neno tangu chai.

Mumewe, Ndaki, alikufa wiki saba zilizopita katika kiwanda cha kuchambua pamba, kile kile Mayige alichokuwa akifanyia kazi ya kupaka grisi na kukaza mikanda ya mashine. Mkanda ulimshika Ndaki kwenye mkono wa shati ukamvuta. Kifuniko cha chuma kilichotakiwa kuukinga mkanda ule kilikuwa kimeondolewa tangu Juni, kwa sababu kukifungua na kukifunga kila mkanda ulipoteleza kulikula muda, na pamba ilikuwa imejaa ghalani hadi inamwagika uani. Mwezi mmoja kabla ya ajali, Mayige alikipiga picha kifuniko hicho kikiwa kimeegemezwa ukutani, akamwonesha meneja. Meneja akasema atalishughulikia. Baada ya mazishi, kiwanda kilitoa barua iliyosema kwamba marehemu aliingia kazini akiwa amelewa.

Ndaki hakuwahi kunywa. Kwenye harusi yake mwenyewe, wazee walipompa kibuyu aonje kwa heshima, alikipokea kwa mikono miwili akampa aliyekaa jirani. Watu walikuwa wakimcheka kwa hilo. Sasa barua ile ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale getini, na kila aliyeingia zamu aliisoma.

"Lakini Wakili," Wilhelmina aliuliza, "kwa nini tusikutumie hizi picha kwa WhatsApp? Hiyo hata mimi naiweza. Mimi ni katibu wa kwaya, natuma ratiba kila wiki."

"WhatsApp inazibana picha, mama, na inafuta tarehe zake. Watakaosikiliza shauri watataka kujua picha ilipigwa siku gani. Barua pepe inaifikisha picha kama ilivyo. Halafu mwaka juzi tulikuwa na shauri la namna hii hii, mji mwingine. Barua za mashahidi zilisomwa na watu wasiohusika. Wawili wakaachishwa kazi. Wa tatu akasema hajawahi kutuandikia. Tangu siku hiyo mimi sipokei ushahidi usiofungwa."

"Imeili anayo," Wilhelmina alisema. "Dastan wa steshenari alimfungulia, wakati ule wa kufuatilia kitambulisho."

"Na neno la siri analijua nani?"

Mume na mke wakatazamana. Neno la siri lilikuwa kwenye daftari kubwa la Dastan, lenye jalada gumu, pamoja na maneno ya siri ya nusu ya mtaa. Mtu akihitaji kusoma imeili yake, alikwenda kwa Dastan, Dastan akamfungulia, akamsomea. Haikuwahi kuwa taabu. Dastan alikuwa mtu mwema, tena mwenye subira.

"Ndiyo maana tunafungua mpya," Elina alisema.

Akaeleza tena, kwa mara ya tatu. Kila mtu ana kufuli lake na ufunguo wake. Kufuli unaligawa kwa yeyote, liko wazi. Anayetaka kukuandikia anaweka barua ndani ya sanduku na kulibana kufuli lako. Akishalibana, hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua. Ufunguo ni wako peke yako, na umefichwa nyuma ya maneno manne ambayo hayafanani, ambayo si jina la mtoto, si mwaka wa kuzaliwa, wala si jina la ng'ombe.

"Na nikiyasahau?" Mayige aliuliza.

"Ukiyasahau, hakuna wa kukufungulia. Hata mimi siwezi. Hata waliotengeneza hawawezi."

Mayige akaguna. Katika maisha yake hakuwahi kuona mlango usio na fundi wa kuuvunja. Maneno yake alikwisha kuyachagua: jembe, kiatu, mvua, Jumapili. Akayaandika mara ya tano, herufi moja moja, ulimi ukiwa umebanwa na meno. Simu ikafunguka.

Maganga aliingia wakati huo huo, na salamu yake ya Kisukuma ilitangulia mlangoni. "Mwadila baba. Mwadila mayu." Akamsalimia kila mtu kwa mkono, akakaa, akavua kofia. Alikuwa mwenzake Mayige wa zamu moja, mtu mnene, mcheshi, na ndiye pekee aliyesikia kwa masikio yake meneja akiamuru kifuniko kiondolewe. Bila yeye, picha zilikuwa picha tu za chuma kilichoegemea ukuta.

Alisikiliza habari za kufuli na ufunguo hadi mwisho, akapangusa jasho.

"Samahani Wakili, mimi nauliza. Kwani tumeiba? Anayeficha maneno si ndiye mwenye hatia? Mimi nilichokisikia nitakisema hata mnadani."

"Utakisema, baba, tena mbele ya watu. Lakini siku yake. Wakikijua leo, mpaka siku hiyo hutakuwa na kazi."

"Haya," Maganga alisema, akatoa simu yake. "Niwekee hilo kufuli." Maneno yake manne aliyaandika kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia ndani ya ukingo wa kofia, akacheka.

Elina alipoondoka kwenda kuwahi basi la kurudi, Milembe alimsindikiza hadi barabarani. Hakuna aliyejua walizungumza nini, ila aliporudi alimuuliza kaka yake swali moja tu. "Humo kwenye barua, utaandika kwamba hakunywa?"

"Jambo lenyewe ni kifuniko, Milembe. Kifuniko ndicho kitakachotusaidia."

"Nimesikia. Lakini utaandika?"

"Nitaandika."

*

Wiki nzima Mayige alijifunza. Akitoka zamu ya mchana, alioga, akakaa na Wilhelmina kwenye kizingiti cha mlango wa mbele ambako mtandao ulishika, wakaiweka simu katikati yao kama mgonjwa.

Barua ya kwanza aliandika: Mwadila Wakili, hii ni ya majaribio. Jibu likaja baada ya saa moja: imenifikia, lakini imekuja wazi, hukubonyeza alama ya kufuli. Ya pili aliifunga, lakini alimtumia mtu mwingine kabisa, Elina wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye namba zake na anwani yake Wilhelmina alikuwa amezihifadhi humo humo. Mama huyo akapiga simu kuuliza kama simu yao imeingiliwa na virusi, maana ameletewa herufi zisizosomeka ukurasa mzima. Wilhelmina alibaki akitunga uongo, yeye ambaye Jumamosi zote huwakemea wanakwaya wanaosingizia ugonjwa.

Siku ya nne simu ilijisasisha yenyewe, na alama ya kufuli ikahama ilipokuwa. Mayige aliitafuta mpaka bando likaisha.

"Acha tumwite mtu atusaidie," Wilhelmina alisema.

"Tukimwita mtu, maana yake nini sasa?"

Kazini aliyarudia maneno yake manne kimoyomoyo huku akipaka grisi, na mara moja Maganga alimsikia akiyatamka, akamcheka hadi akashika mbavu. Simu sasa zilikuwa zinaachwa kwa mlinzi wa getini, amri mpya tangu ajali, na Mayige alipoikabidhi yake kila asubuhi alihisi anamkabidhi mlinzi ulimi wake. Lakini Elina alikuwa amemwambia hata simu ikishikwa na mtu, bila yale maneno haitasema kitu. Alijitahidi kuamini.

Jumamosi barua ikaenda. Ilikwenda na picha tatu, na maelezo ambayo yeye na mkewe waliyaandika kwa siku mbili, na mwisho kabisa sentensi aliyoiongeza kwa ajili ya dada yake: Marehemu Ndaki hakuwa mnywaji wa pombe, na hili linajulikana na kila mtu aliyemfahamu. Elina akajibu kwa barua iliyofungwa. Mayige akaingiza maneno yake, mara ya kwanza yakakataa kwa sababu simu ilijiwekea herufi kubwa mwanzoni, mara ya pili yakakubali. Barua ilisema: Hongera sana mzee wangu. Imefungwa vizuri, na imefika salama.

Aliwasomea Wilhelmina na Milembe. Wilhelmina akapiga kigelegele kidogo cha chinichini, cha kujizuia, akaingia ndani kupika. Siku ile walikula wali.

*

Baada ya wiki moja Elina alituma maelezo ya pamoja. Alikuwa ameyaunganisha ya Mayige na ya Maganga, aliyoyachukua mwenyewe siku ile, kuwa hati moja, kurasa nne, yenye majina yao, kazi zao, na picha. Kila mmoja alitakiwa aisome, na ajibu kwa barua iliyofungwa kama anakubali, kabla ya Ijumaa.

Mayige aliisoma Jumamosi, akajibu Jumamosi hiyo hiyo. Jumapili, baada ya ibada, Maganga akaja akiwa na kofia mkononi.

"Yangu haifunguki."

Walikaa chini ya kipenu wakajaribu pamoja. Kile kikaratasi kilikuwa kimelowa jasho na kukauka mara nyingi, na neno la tatu lilikuwa limebaki doa. Lingeweza kuwa mto, moto, au meza. Walijaribu yote matatu. Walijaribu kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo.

"Mayige, wewe unayo hiyo hati?" Maganga akauliza.

"Ninayo."

"Nitumie basi. Ya kawaida tu. Nisome, niseme ndiyo, yaishe."

"Wakili alikataza."

"Wakili yuko Mwanza. Mimi na wewe tuko hapa."

"Soma kwenye simu yangu, hii hapa," Mayige alisema, akaifungua, akampa.

Maganga aliishika simu mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali. Hakuwa na miwani. Miwani ilivunjika mwaka jana. Alisoma mistari sita, akapotea, akaanza upya. Wilhelmina akajitolea kumsomea, lakini Maganga akatikisa kichwa. Kusomewa maneno yake mwenyewe na mke wa mwenzake, kama mtoto wa darasa la kwanza, hilo hakuliweza.

"Nitatafuta pa kuitoa kwenye karatasi."

"Usiitoe kwenye karatasi, Maganga. Nakuomba. Nitampigia Wakili kesho, akutengenezee kufuli jingine."

"Kufuli jingine." Maganga alisimama, akavaa kofia. Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia tu, na kwa mtu mcheshi hilo lilionekana haraka. "Sikuwahi kukuficha kitu, Mayige. Mambo yote tuliyopitia pale. Leo barua yenye jina langu unaikalia."

Mayige alimtazama akivuka barabara, akipanda pikipiki na kuondoka. Kesho yake alimpigia Elina mara tatu. Simu haikupatikana, alikuwa kwenye usikilizwaji wa shauri jingine. Jumanne akaandika barua, akaifunga vizuri, akaomba Maganga asaidiwe.

*

Elina alipiga Jumatano, wakati wa mapumziko ya saa sita. Mayige alikuwa nje ya geti anakula mihogo ya kukaanga, simu aliyoichukua kwa mlinzi kwa dakika thelathini ikiwa mfukoni.

"Mzee Mayige, kuna hati nimeikuta sasa hivi. Imesainiwa na Maganga. Imetumwa na nani?"

"Sijui, Wakili. Imefungwa?"

"Haijafungwa. Imetoka kwenye anwani ya steshenari."

Mayige aliuacha muhogo kwenye gazeti akapanda bodaboda. Steshenari ya Dastan ilikuwa karibu na stendi ya zamani, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Dastan alimwona akaachia tabasamu.

"Karibu mzee. Nimewasaidia jana. Mzee Maganga alikuja hapa amechanganyikiwa kabisa. Nikamwambia hii kitu ni rahisi. Tukajaribu maneno, kumbe lilikuwa moyo. Si mto, si moto, moyo. Ikafunguka. Nikaihamishia kwenye kompyuta, nikampigia kopi mbili kwa maandishi makubwa, akasoma hapo hapo kwenye benchi, akasaini, nikaiskani, nikamtumia huyo dada wa Mwanza. Shilingi elfu moja na mia tano tu. Ile ya simu sikumchaji."

"Ipo wapi sasa?"

"Nini?"

"Hiyo hati, Dastan."

Dastan akageuza kioo cha kompyuta. Ilikuwa pale, katikati ya wasifu wa watu wanaotafuta kazi na kadi za mwaliko wa harusi, kwa herufi kubwa: MAGANGA USHAHIDI KIWANDANI. Mayige akamwomba aifute. Dastan akaifuta, kisha, kwa kuuona uso wa Mayige, akaifuta na kule kunakobaki vilivyofutwa.

"Nani ameingia hapa tangu jana?"

"Watu wengi mzee. Hii ni biashara." Akafikiri. "Asubuhi alikuja Joakim wa stoo ya kiwandani. Mashine yao ya kuchapa imeharibika, wanaleta kazi zao hapa. Alikaa kwenye hii hii, anatafuta faili lake."

Alikuwa mtu mwelewa, na Mayige aliona jinsi jambo lenyewe lilivyomfikia polepole.

"Mzee wangu," Dastan alisema, "hakuna aliyeniambia ni siri."

*

Walimwita Alhamisi saa tatu asubuhi. Meneja hakupiga kelele. Alimpa kiti, akamuuliza habari za nyumbani, akaweka mezani kurasa nne ambazo Mayige alizijua kabla hajazitazama. Juu ya ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya jana.

"Hizi picha ni zako?"

"Ni zangu."

"Siku uliyopiga, mashine ilikuwa imesimama kwa matengenezo. Ndiyo maana kifuniko kilikuwa chini. Au siyo?"

"Mashine ilikuwa inafanya kazi."

"Mayige. Tumekaa miaka kumi na minane." Meneja akasogeza karatasi nyingine, iliyokwisha kuchapwa, ikisubiri saini. "Mwenzako Maganga ameshakumbuka vizuri. Anasema siku ile kulikuwa na kelele, huenda alisikia vibaya."

Dirisha la ofisi lilitazama ukumbi wa mashine. Mayige aliona kifuniko kikiwa mahali pake, kimepakwa rangi mpya ya njano, boliti nne zikimetameta. Kilikuwa kimefungwa vizuri. Yeye mwenyewe asingekifunga vizuri zaidi.

"Siwezi kusaini hii," alisema.

"Basi nenda nyumbani upumzike. Tutakuita."

Alikwenda kwenye kabati lake akatoa kandambili, kopo la chai na ovaroli ya akiba. Mlinzi wa getini alimrudishia simu bila kumtazama machoni. Njiani alifika mahali akagundua anayarudia yale maneno manne, jembe, kiatu, mvua, Jumapili, na hakuweza kuyanyamazisha mpaka alipofika kwake.

*

Elina alipiga kila siku. Alisema bado wana picha, na picha zina tarehe. Alisema ataandika kwa mamlaka zinazohusika. Alisema Maganga anaweza kuitwa kwa lazima, ingawa shahidi anayeitwa kwa lazima huwa shahidi mbaya. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wakili," Mayige alimuuliza siku ya tatu, "lile kufuli halikufanya kazi?"

"Lilifanya kazi, mzee wangu. Hakuna aliyelivunja. Nilipaswa kukaa siku mbili na Mzee Maganga. Nilikaa nusu saa."

Mayige akamwambia asijilaumu, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia mgeni. Hakujua amlaumu nani. Alimchukua Dastan moyoni mwake, akamgeuza, akaona kijana aliyefanya kazi yake kwa wema. Alimchukua Maganga, akaona mtu asiye na miwani. Akajichukua na yeye mwenyewe, Jumapili ile chini ya kipenu, amekalia simu yake, anasema Wakili alikataza. Kama angekaa naye mpaka giza liingie, wakajaribu maneno yote yanayoanza na mo.

Maganga alikuja Jumapili iliyofuata. Hakuita hodi kwa sauti. Wilhelmina alimwona akaendelea kufua. Mayige ndiye aliyemletea kigoda.

"Nina watoto sita," Maganga alisema.

"Najua."

"Sikujua ingefika kule. Nilidhani nikishasaini imekwisha."

"Najua, Maganga."

Walikaa. Mara mbili Maganga alifungua kinywa kama anayetaka kuleta mzaha, akakifunga. Alipoondoka, Wilhelmina alikung'uta nguo iliyolowa kwa nguvu, akasema bila kumgeukia mumewe, "Mahindi yamebaki debe moja na nusu. Nakuambia tu ili ujue."

Milembe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Alisikia yote.

*

Jumanne asubuhi Wilhelmina aligundua kwamba wifi yake hayupo. Mkeka ulikuwa umekunjwa, na kitenge chake kipya, alichokipata msibani, hakikuwa kwenye kamba. Walidhani amekwenda kanisani, kisha wakadhani amekwenda makaburini. Ilipofika saa saba mchana alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba, akamlipa dereva, akaingia, akakaa kwenye kochi. Tangu ahamie kwao hakuwahi kulikalia lile kochi.

"Jumatatu unarudi kazini," alimwambia kaka yake. "Zamu ile ile. Wameniahidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nilikwenda naye."

"Umekwenda wapi, Milembe?"

"Kiwandani. Nimewaambia sina kesi. Nimesema Wakili aache. Wamenipa rambirambi, na karatasi." Alitoa bahasha ya kaki ndani ya kitenge. "Wamenipa na chai. Niliwaambia najua kuandika jina langu, nilisoma mpaka la tano. Wakasema kidole kinatosha."

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa bado na wino wa zambarau. Alikuwa amejaribu kuufuta kwa kitenge, na kwenye pindo palikuwa na alama.

Wilhelmina alikaa chini pale pale aliposimama. Mayige alitaka kusema hakumwomba afanye hivyo, kwamba angetafuta kazi kwingine, Maswa kuna viwanda, hata kulima kibarua angelima. Alitaka kusema mengi. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya ashindwe kusema, nacho alikiona aibu: kifua chake kilikuwa kimelegea. Alikuwa amefurahi.

"Kaka yangu," Milembe alisema, "Ndaki hatarudi. Na mimi siwezi kula debe la mwisho la watoto wako kwa ajili ya kifuniko. Kifuniko ni chenu nyie mafundi. Mimi jambo langu lilikuwa moja tu, na nimewaambia, nimesema mbele ya mwenyekiti, mwandike vizuri kuhusu mume wangu. Yule wa ofisini akasema wameandika kila kitu. Nisomee."

Akampa bahasha.

Zilikuwa kurasa tatu, kwa Kiingereza. Mayige alikijua Kiingereza cha mashine: vuta, kaza, hatari, usiguse. Alianza juu, akateremka polepole, kidole kikifuata mistari. Aliliona jina la dada yake. Akaliona jina la Ndaki, na tarehe ya kifo. Ukurasa wa pili, mstari wa sita, karibu na jina la Ndaki, palikuwa na neno moja, alcohol, alilolifahamu vizuri kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye chupa za spiriti ya kusafishia vipuri, na kila siku ya Mungu alizishika chupa hizo. Neno hilo lisingeweza kuwa pale kwa maana nyingine. Chini ya ukurasa, juu kidogo ya mstari, kilikaa kidole cha zambarau.

"Wameandika nini kuhusu Ndaki?" Milembe aliuliza.

Mayige alihisi mkewe anamtazama. Alifunua ukurasa wa tatu, akaurudisha.

"Wameandika kwamba alifariki akiwa kazini."

"Na ile habari ya pombe?"

"Haimo."

Milembe alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka nayo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukafanana na ule wa utotoni, wakati wakichunga pamoja.

"Basi," alisema. "Hilo ndilo nililolitaka. Ijumaa nakwenda Mwanhuzi kwa wakwe zangu. Wale, maneno ya barua ya getini yaliwafikia, mama mkwe hajanipigia simu tangu siku hiyo. Nitawapelekea hii, waisome wenyewe. Yupo mtoto wa shemeji yangu, anafundisha sekondari. Kiingereza anakijua vizuri sana."

Akanyoosha mkono kuipokea karatasi. Mayige aliishika upande wake, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa wameishika. Milembe akaivuta kidogo, kwa upole, akimshangaa. Mayige akaiachia.